Kisilu Hali Nyama

Kisilu, fundi cherehani wa Matinyani, hakula nyama tangu utotoni. Ilimtapisha na kumuumiza kichwa. Mkewe Mumbua alishazoea. Alimpikia ugali na sukuma wiki bila kuuliza.

Lakini Disemba ya 1991, kwenye harusi ya binti wa kaka yake aliyeitwa Muli, Muli alimjazia sahani nyama. "Leo utakula. Unataka wageni waseme unadharau mbuzi wangu?" Kisilu akaona haya, akala. Siku mbili zilizofuata Muli akaleta nyama iliyobaki, naye akala tena.

Siku ya tatu Kisilu alishona mkono wa shati mahali pa kola. Mumbua alipomwuliza, akamtazama kama mgeni. Jioni alikuwa anayumba.

"Amelewa," Muli akasema.

"Shemeji, umewahi kumwona akigusa pombe?"

Wazee wa kanisa wakaja kukemea pepo. Hospitali ya kwanza ikasema malaria, ya pili ikasema kichaa. Kote Mumbua alirudia maneno yaleyale: huyu hali nyama, na juzi amekula. Hakuna aliyeandika.

Walipofika Nairobi, Kisilu alikuwa hajitambui. Daktari mmoja mwanamke ndiye aliyeinua kichwa aliposikia maneno hayo. "Hali nyama tangu lini?"

"Tangu utotoni! Nimesema mpaka nimechoka!"

Daktari akaagiza damu ipimwe. Ilijaa amonia, sumu inayotokana na vyakula kama nyama. Ini la Kisilu halikuweza kuiondoa. Alizaliwa na ugonjwa huo adimu bila kujua. Wakamwunganisha na mashine ya wagonjwa wa figo.

"Lakini figo zake ni nzima," muuguzi akashangaa.

"Najua. Nataka damu isafishwe, na haraka."

Kesho yake Kisilu alifumbua macho. "Mumbua, mbona umevaa viatu visivyofanana?"

Mumbua akatazama miguu yake. Siku nne alikuwa ametembea hivyo. Akacheka, halafu akalia, halafu akakasirika upya, kwa sababu Muli alikuwa anaingia wodini na chupa ya chai iliyonukia supu.

"Shemeji, daktari amekataza nyama!"

"Hii si nyama," Muli akasema kwa upole. "Ni kuku."

Mumbua akampokonya ile chupa, akaketi kando ya kitanda, akainywa supu yote mwenyewe huku shemeji yake akimtazama.