Akiba ya Askari

Mficha maradhi, kifo humuumbua: ndivyo watu wasemavyo. Nyumbani kwa Swadiki, mjini Koboko, Uganda, mfichuaji ndiye aliyeumbuliwa.

Tangu arudi kutoka vitani Somalia, Swadiki alikuwa akiwaamsha wanawe alfajiri wapige gwaride uani. Nyuma ya jiko alichimba handaki, akawa analikagua asubuhi na jioni. Majirani, wengi wao watoto wa wanajeshi, walipita wakimpigia saluti. "Nidhamu hiyo!" Hata Madinah, mkewe, alijivunia, mpaka presha ilipoanza kumwangusha mumewe. Kila alikotibiwa aliongezewa dozi, na presha ikazidi kupanda.

Safari hii Sule, kaka mkubwa wa Swadiki, aliwapeleka kwa Daktari Eyotaru. Njiani alimwonya Madinah: "Siri ya askari haitoki nje. Ikitoka, utarudi kwenu."

Eyotaru, mzaliwa wa Logiri, alikuja Koboko kila wiki kutoka Arua. Alisomea tiba ya familia, akaongeza na ya akili, na wagonjwa wote aliwaketisha benchi moja: wa malaria, wa mimba, wa kusikia sauti. Hapakuwa na mlango wa wendawazimu wa kumtia mtu aibu.

Alimpima Swadiki presha, kisha akakaa naye kama mgeni aliyekuja kusalimia tu.

"Afande, ulinzi unashika na nani?"

Swadiki alimtazama sana. "Peke yangu."

"Na hakuna aliyekuja kukupokea zamu?"

Macho ya Swadiki yalijaa machozi. Madinah hakuwahi kuyaona tangu aolewe naye.

Sule akakohoa. "Huyu mutu iko sawa, daktari. Andika dawa, twende."

"Dawa anazo," Madinah akasema. "Amezifukia handakini. Eti akiba, vita vikirudi. Hamezi hata kidonge kimoja."

"We mwanamke! Unamvua nguo askari mbele za watu?" Sule akafoka.

"Mzee, subiri kidogo," daktari alisema, bila kupandisha sauti. Hakuongeza dozi. Alieleza kwamba mwili wa Swadiki ulikuwa umerudi, lakini vita vilirudi naye, na kwamba hilo ni gonjwa lenye tiba kama malaria. Akamgeukia Swadiki, akamwekea vidonge mkononi. "Hizi si akiba, afande. Ni posho ya leo. Mkeo atakupokea zamu, nami nitakuja kukagua."

Swadiki akameza pale pale.

Presha ilianza kushuka. Watoto wakalala mpaka jua litoke. Lakini Sule hakusahau. Siku moja aliwakusanya wakubwa wa ukoo, akataka Madinah apige magoti aombe radhi, la sivyo afungashe.

Madinah aliwatazama mmoja mmoja, akasimama wima.

"Shemeji, chai ipo, karibuni mnywe. Mume wangu anaishi. Radhi siombi."