Vitone Vinne vya Kijani

Asubuhi hiyo ya Ijumaa, ukiuamini ubao, ofisi ilikuwa imejaa. Owiti, fundi wa pampu, yuko ndani. Winny wa hesabu yuko ndani. Wechuli dereva yuko ndani. Mercyline Akello wa mapokezi yuko ndani. Vitone vinne vya kijani vilikuwa vimejipanga kwenye skrini kwa adabu zote. Ila ukiinua macho kidogo tu ungeona viti vitatu vitupu, koti la Owiti limevalishwa kiti chake ili lisaidie kudanganya, na Mercyline peke yake nyuma ya kaunta, ameikodolea simu macho.

Ubao wenyewe haukuwa wa mbao wala wa chaki. Ulikuwa ukurasa wa mtandaoni, unafunguka kwenye brauza yoyote, hata ya simu. Mkurugenzi wao, Bwana Robinson Shitanda, aliuleta mwaka uliopita, alipohamia Nairobi na kuchoka kuambiwa kila akipiga simu kwamba fulani "ametoka kidogo tu". Ukifika kazini unabonyeza jina lako, kitone kinageuka kijani: NDANI. Ukitoka unabonyeza tena, kinakuwa chekundu: NJE, na pembeni unaandika umekwenda wapi na utarudi lini. Shitanda huko aliko anakunywa chai huku anawatazama. Na aliweka masharti mawili. Mapokezi yasiachwe bila mtu hata dakika moja. Na atakayembonyezea mwenzake atafukuzwa yeye kwanza, kabla ya huyo mwenzake.

Masharti mazuri kabisa, kwa watu wa kwingine. Kisumu hii, nani atamwona mwenzake kafiwa, kisha amwache aliwe na kitone chekundu? Ijumaa ni siku ya kutoa mwili mochari, na asiyeonekana kwenye msafara hatasahaulika upesi. Mercyline alianza na Owiti, siku mtoto wa fundi huyo alipozidiwa ghafla na ugonjwa. Owiti aliandika neno moja: "Nibonyezee." Nywila zao zote alizitengeneza Mercyline mwenyewe, na hakuna aliyejisumbua kubadilisha. Akabonyeza. Ikawa kesho Wechuli, keshokutwa Winny, mpaka "nibonyezee" ikawa kama salamu pale ofisini. Naye hakuona ubaya. Alijiona dada wa watu.

Sasa leo dada wa watu alikuwa na shida yake mwenyewe.

Mama yake, Yunia Aoko, alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri. Alikuja kutoka kijijini Pap Onditi kwa sababu ya mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilishakwenda, na la kushoto lilibaki kuona vivuli tu. Madaktari wageni walikuwa wamepiga kambi pale wiki nzima, na leo ndiyo siku yao ya mwisho. Utaratibu ulikuwa mmoja: ukiitwa, lazima ndugu yako wa karibu awepo, atie sahihi na aingie nawe. Asiye na ndugu anarukwa, na ambaye angerukwa leo hakuwa na kesho ya kuitwa tena.

Mercyline alikuwa amejipanga. Winny aliapa jana, mkono kifuani, kwamba atamkalia mapokezi. Kwa hiyo Mercyline alimfikisha mama kwenye benchi, akamkabidhi kwa mwanamke aliyekaa karibu aitwaye Dorca, ambaye mumewe alishapasuliwa jana yake na sasa anangoja kutolewa bandeji. Akamwachia namba ya simu, akakimbia kazini amsubiri Winny. Winny akaleta ujumbe badala ya kujileta: "Niko Dunga sis, chama inanunua samaki na mashua hazijafika. Nibonyezee tu, yawa."

Na Mercyline, kwa mazoea tu, kidole kikatangulia akili. Akambonyezea. Alipozinduka, kitone cha Winny kilikuwa kijani, na yeye mwenyewe amejifungia mlango.

Simu yake ililia. Alikuwa Dorca.

"Mama yako wameanza kuangalia jina lake," alisema. "Kuna watu wawili mbele yake. Uko wapi?"

"Niko njiani."

"Unakuja kweli ama unakuja tu?"

"Nakuja, Mama Dorca. Tafadhali mshikilie hapo."

Akakata, na kabla hajapumua simu ya mezani nayo ikapiga kelele. Hiyo hupigwa na mtu mmoja tu.

"Mercyline, naona leo mmejaa," Shitanda alisema kwa furaha. "Sasa hivyo ndio nataka. Wageni wa wafadhili wanafika hapo saa tano. Hiyo ofisi isikose mtu."

"Sawa, Bosi. Lakini naomba nitoke. Mama yangu anafanyiwa operesheni ya macho saa hii."

"Ai! Na unakaa hapo kufanya nini? Mama ni mama. Nenda! Si mko wanne? Nipe Owiti nimwambie akae mapokezi."

Mercyline alitazama lile koti.

"Owiti ameenda msalani."

"Winny basi."

"Ako kwa simu na watu wa benki."

"Wechuli?"

"Anaosha gari nyuma."

"Haya, Owiti akitoka choo anipigie na hii simu ya mezani. Nikimsikia tu, wewe uende. Umwambie mama pole sana."

Afadhali angemkatalia. Angemkatalia, Mercyline angelia, angemchukia, angepata pa kuegemea. Lakini mtu huyu alimfungulia mlango kwa moyo mweupe, na hakuna kilichomzuia kupita isipokuwa uongo wake mwenyewe. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani.

Akampigia Owiti. Kwenye simu zilijaa nyimbo na honi.

"Nyaminwa, dada yangu, niko nyuma ya gari ya mwili," Owiti alipaza sauti. "Ni shemeji yangu, siwezi kushuka. Na usinibonyeze nje, tafadhali! Nilishaonywa mara mbili. Mara ya tatu nimekwisha, na unajua vile watoto wangu wako."

Wechuli hakupatikana. Siku zake za kijani alikuwa mtaani Manyatta akiuza viatu, na akiuza viatu huzima simu. Simu ya Winny ililia mpaka ikachoka.

Dorca akapiga tena. "Amebaki mmoja mbele yake. Mama anauliza kama nakuona ukikuja. Nimwambie nini?"

Mercyline alikata simu. Alisimama, akachukua funguo, akakaa. Akisema kweli, anawachoma watatu na kujichoma yeye. Akifunga mlango aende, wageni watakuta kufuli, na ubao unasema ofisi imejaa. Akikaa, mama atarukwa, arudi Pap Onditi kupapasa kuta za nyumba yake mpaka siku ya kufa. Alizunguka humo humo kama kuku aliyefungwa mguu, na kila alikokwenda kamba ilimrudisha.

Kisha akakaa mbele ya skrini na kubonyeza. Wechuli, chekundu. Winny, chekundu. Kwa Owiti mkono ulisita, akamkumbuka yule mtoto, akaomba msamaha kwa sauti ndani ya ofisi tupu, akabonyeza. Mwisho jina lake mwenyewe. Pembeni yake aliandika: "Hakuna mtu ofisini. Wenzangu niliwabonyezea mimi, kosa ni langu. Nimekwenda kwa mama." Akafunga mlango, akaparamia bodaboda ya kwanza aliyoiona.

Alipofika hospitali, benchi lilikuwa tupu. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji alisimama nesi, na chini, pale wanapovulia viatu, zilikuwa ndala za bluu za mama yake. Kando yake zilikuwa sandali za mwanamke mwingine.

"Namtafuta Yunia Aoko," Mercyline alisema akihema.

"Huyo ako ndani. Ameingia na msichana yake."

"Msichana yake yupi?"

Nesi aliangalia karatasi. "Mercyline. Si huyu ametia sahihi? Alichelewa kidogo, tulikuwa karibu kumruka mama." Akainua macho. "Kwani wewe ni nani yake?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini aliona kitakachofuata: mlango kufunguliwa, Dorca kutolewa nje kwa aibu, mama kuteremshwa kitandani, maelezo, na jina la mtu mwingine kuitwa. Mwanamke asiyemjua hata ukoo alikuwa amembonyezea. Mercyline alitamani kumpigia magoti Dorca, na wakati huohuo alimwonea wivu.

"Mimi ni jirani," alisema.

"Basi ngoja hapo, jirani. Ndani ni ndugu mmoja tu."

Akakaa pale mama alipokuwa amekaa. Simu ilitetemeka mkononi. Shitanda. Ikanyamaza, ikatetemeka tena. Owiti. Aliigeuza kifudifudi mapajani.

Ndipo akaisikia sauti ya mama yake kupitia mlangoni, ameipaza makusudi ili madaktari wasikie. Mama huyu wa kanisa, ambaye Mercyline hajawahi kumsikia akidanganya hata bei ya mahindi.

"Mercyline! Nyathina, mwanangu, uko?"

"Niko hapa, Mama," Dorca aliitikia.

Huku nje, Mercyline alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, asije akaitikia.