Nyuzi Zinazojisuka

Raheli alianza kumchukia Luciana kwa sababu ya shikamoo. Kila jioni binti huyo wa Manyoni aliingia darasani, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, dada," bila hila yoyote. Raheli aliitika marahaba huku moyo ukimwasha kama jicho lililoingiwa na pilipili.

Kilichowatenga ni nafasi moja. Mwalimu Hosea, mzaliwa wa Kinampanda anayefanya utafiti chuo kikuu Dar es Salaam, alikuwa likizo akifundisha kemia kwenye masomo ya jioni pale Singida mjini. Alitangaza kwamba anatafuta msaidizi mmoja wa kwenda naye Dar, kwenye maabara yake. Darasa zima likamgeukia Raheli, maana alikuwa ameshika ngozi miaka mingi kwenye ghala la shirika la umma, hadi shirika likauzwa na kila mtu akaambiwa ajitafutie. Luciana naye aliomba, ingawa alikuwa muuza vitenge tu.

Mwalimu aliwaeleza kwamba ngozi na kano zimejengwa kwa nyuzi za kolajeni. Ukiloweka kano za ndama katika siki, nyuzi hufumuka na kuyeyuka. Ukipunguza ule ukali na kuupasha umajimaji joto la mwili, hujisuka tena zenyewe, bila mkono wa mtu. Raheli aliposikia hayo alisema amina kwa sauti, darasa likacheka. Utando unaopatikana hukaushwa juu ya kioo na kupelekwa Dar. Huko humulikwa kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na mashine ikachora mstari wa vilima na mabonde. Kila kilima hutaja kilichomo.

Wale wawili wakaambiwa kila mmoja atengeneze utando wake. Wa Luciana ulitulia kama maji ya ziwani asubuhi. Wa Raheli ulikakamaa, ukajikunja pembe.

Mwalimu alimsifu Luciana kwa mkono mwepesi. Neno hilo lilimkaa Raheli kifuani siku nzima. Wenzake walipotoka, akafanya alichokuwa akiifanyia kila ngozi iliyokauka vibaya ghalani: akachovya kidole katika mafuta ya nyonyo, akapaka taratibu. Utando ukalainika, ukang'aa. Akamshukuru Mungu.

Majibu yalipofika, mwalimu alitandaza karatasi mbili mezani. Ule mstari wa Raheli ulikuwa na kilima ambacho wa Luciana haukuwa nacho.

"Hiki ni cha mafuta," alisema. Akadhani kioo hakikuoshwa vizuri, akauliza zamu ya kuosha ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya Luciana.

"Amezoea kupaka miguu yake, kapaka na kioo," mwanafunzi mwenzao, Bonaventura, akatania kutoka nyuma.

Luciana alisimama. "Huenda ni mimi, mwalimu. Nilisuuza kwa haraka. Dada Raheli asikose nafasi kwa uzembe wangu."

Raheli alingoja furaha, haikuja. Ulikuja wivu mkubwa kuliko ule wa kwanza: hata kosa la Raheli mwenyewe, binti huyu alilibeba vizuri kuliko yeye. Akajaribu kusali kimyakimya, maneno yakagoma.

"Ni nyonyo," akasema. "Nilipaka mimi. Ngozi ikikakamaa hupakwa mafuta."

Mwalimu alimtazama kwa huruma, jambo lililouma kuliko karipio. "Nilitaka kuona nyuzi zinavyojisuka zenyewe, dada. Wewe umezisaidia."

Nafasi akapewa Luciana. Siku ya safari yake ya Dar, alimwita Raheli stendi ya mabasi. Akamwamkia, kisha akamwomba amwombee, kwa kuwa hakuna mwombaji kama yeye darasani. Raheli akamshika mikono na kuanza, "Bwana, mbariki…" Akasita kabla ya jina. Luciana alikuwa amefumba macho, akingoja. Basi likapiga honi.

Raheli akalitamka jina lile. Likatoka kavu, pembe zimejikunja. Safari hii hakulipaka mafuta.