Vidole Viwili vya Akiba

Nilimwonea wivu. Nasema mapema msije mkanisingizia utakatifu. Wivu wenyewe ule wa kukukaba koo hadi chai haishuki.

Huyo tuliyemwita Dobi alikuwa akifua nguo za watu mtaa wa nyuma, na majoho ya kwaya yetu pia. Siku moja alileta majoho, akatukuta tunafanya mazoezi, akaketi benchi la mwisho na beseni lake mapajani. Akanogewa, akawa haondoki. Miezi mitatu baadaye akaomba ubatizo, na mwalimu wa kwaya akampa ubeti wangu wa kuanzisha wimbo. Wangu! Nimeuanzisha miaka kumi na mmoja, tangu nilipomzika mume wangu nikabaki sina wa kuniuliza nimeamkaje. Ubeti ule ndio ulionitoa kitandani kila Jumapili.

"Fundi, sauti yako imechoka kidogo," mwalimu aliniambia. "Tumpe mgeni."

"Hakuna shida, mwalimu," nikajibu, meno yote nje. Moyoni nilikuwa nafoka.

Na kama hiyo haitoshi, eti nimshonee joho! Maana fundi wa kwaya ni mimi. Dobi akaja kibandani kwangu kupimwa, akasimama wima kama anapigwa picha.

"Dada, sijawahi kushonewa nguo," akasema. "Zote nilizovaa zilianza kwa watu wengine."

Nikajitia sijasikia.

Sasa, fundi yeyote anayejiheshimu huacha akiba: kitambaa cha vidole viwili kinachofichwa ndani ya mshono, ili mtu akinenepa nguo ifumuliwe ipanuliwe. Majoho yote ya kwaya yana akiba hiyo. La Dobi nililibana kifuani, kisha nikashika mkasi nikaikata akiba yote, nikaitupa. Nilitaka limkabe au limchanikie mbele ya kanisa zima, sauti isitoke, mwalimu anirudie akinibembeleza. Jioni ile niliposali Sala ya Bwana, nilifika pale pa kusamehe nikaparuka.

Jumapili ya ubatizo, Dobi alitoka majini akitetemeka na kucheka kwa pamoja. Tukaingia naye chumba cha kubadilishia nguo. Mchungaji alikuwa ameanza kuhubiri, na baada ya mahubiri ni wimbo wetu. Dobi akaingiza mkono wa kwanza, akaingiza wa pili. Mshono wa kwapani ukaachia, chwaa!

"Nisamehe, dada," akasema yeye, mbele ya wanakwaya wote. "Nimenenepa. Zamani nilikuwa nakula peke yangu, hata hamu sina. Tangu nianze kuja hapa nakula na watu. Ona sasa, nimekuharibia kazi yako."

Nilikuwa nimeusubiri mchaniko ule wiki nzima. Ulipokuja haukuwa na utamu wowote.

"Lakini si huwa unaacha vidole viwili?" akaendelea. "Nimeyafua yote, nayajua kwa ndani. Tufumue tu."

Akaligeuza joho. Akapitisha kidole kwenye mshono, upande huu, upande ule. Akaniangalia, nikajua amejua.

"Kitambaa kilikwisha, eh?" akasema polepole.

Loo! Nimemfanyia ubaya wote ule, naye ananitafutia pa kutokea, nywele bado zinamchuruzika maji ya ubatizo. Ningesema ndiyo, yangeishia pale.

"Hakikuisha," nikasema. "Nilikata makusudi. Nilikuonea wivu."

Mwalimu akashika kiuno. Dobi akaketi kwenye kigoda, akalia kimyakimya, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Benchi lile la mwisho nililikalia kabla yake, siku nne baada ya mazishi. Mama mmoja alinisogelea akanipa nusu ya kitabu chake cha nyimbo, wala hakuniuliza nimetoka wapi.

Nikavua joho langu, nikaligeuza, nikaikata akiba yangu yote, kulia na kushoto. Rangi ileile, damu ya mzee. Nikaunga vile vipande nivitie kwapani mwa joho lake, lakini uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Dobi akafuta macho, akaninyang'anya sindano, akaitunga mwenyewe.

"Shona, dada. Mchungaji anakaribia amina."

Alianzisha yeye ule ubeti. Sidanganyi, alipofika pale juu wivu ulinichoma tena. Nikaumeza, nikaitikia pamoja na wenzangu.

Kesho yake akapita kuchukua majoho ya kufua. Akalitenga langu, akalikunja juu ya mengine.

"Hili nitalifua peke yake, kwa maji baridi," akasema. "Likirudi likakubana kidogo tu, dada, huna tena pa kufumua."