Kiti cha Guðfinna

Mkate ndio uliotangulia kutoa habari. Bergljót aliukanda, akautia kwenye sufuria na kuufukia nyuma ya nyumba, kwenye udongo unaopata moto wa volkano kutoka chini, kama mama yake Guðfinna alivyofanya maisha yake yote. Mkate mweusi wa namna hiyo hulala ardhini hadi kesho yake. Alipoufukua asubuhi ulikuwa mkaa mtupu, na chini ya sufuria palikuwa na mchanga wa kijani unaometameta.

Mama alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Tangu siku hiyo sakafu ya jikoni ilikuwa inapata moto, mwanzoni kidogo tu, paka akaifurahia, kisha paka akahamia juu ya kabati. Bergljót alikuja kwa mazishi tu. Binti yake Salvör alikuwa mji wa mbali wa Akureyri na mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia, na Bergljót alikuwa amemwahidi kwamba atamshika mkono. Mkoba wake ulishafungwa, uko mlangoni.

Aliketi kwenye kiti cha marehemu, kando ya jiko, avae viatu. Sakafu ikapoa. Alipoinuka ikapata moto tena. Akaketi.

Kaka yake Ketill alipoambiwa alisema yatajipa. Hilo ni neno la nchi nzima: watu hulisema gari likikwama mtoni, na hulisema volkano ikifuka nyuma ya kanisa. Hata hivyo Ketill si mtu wa kukaa bure. Alikikalia kiti mwenyewe, pande la mtu kama lile, na sakafu ikapasuka. Akaondoka, wakaweka kitini mapipa ya samaki wa chumvi, kisha injini ya mashua. Kutoka kwenye ufa kitu chekundu, kizito kama uji uliolala, kikatambaa hadi mguu wa meza. Bergljót akaamuru injini iondolewe, akaketi. Kile kitu kikatulia na kuwa jiwe jeusi lenye vitobo.

Mtaalamu wa miamba aitwaye Eydís alitumwa kutoka mji mkuu. Alilala kifudifudi jikoni na kipimajoto chake, akaeleza. Huko chini kabisa jiwe lina joto la kuyeyusha shaba, lakini linabaki jiwe, kwa sababu limegandamizwa na uzito wa kila kilicho juu yake. Likipanda na uzito ukapungua, linayeyuka lenyewe, bila kuongezewa moto hata chembe.

“Basi tumwongezee uzito,” alisema Ketill.

“Si kilo, Ketill. Injini inamzidi dada yako kilo. Hili linapima alichobebeshwa mtu.”

Bergljót akauliza kama mama alikuwa anakaa pale kwa ajili hiyo. Eydís akatazama mikono ya kiti ilivyolika, akasema inaelekea. Bergljót akaona aibu. Miaka yote alikuwa akimhimiza mama kwa simu atoke, atembee, aache uvivu.

Kijiji kikaja kusaidia, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Ketill alileta masweta yake yaliyotoboka, amshonee. Kwaya ikamwachia funguo za ukumbi na ugomvi wake wote. Mama mkwe wa mchungaji alikuja kumsimulia magonjwa yake. Kila kilipoongezeka kitu mapajani mwake, kipimajoto kilishuka, na watu wakashukuru kwa dhati, wakala keki, wakaenda zao.

Salvör alipiga simu wakati wa chakula cha mchana. Uchungu ulikuwa umemshika.

“Mama, umefika wapi?”

“Niko njiani,” alisema Bergljót.

Akayamwaga masweta sakafuni, akashika mkoba. Alifika mlangoni. Nyuma yake ufa ulikwenda hadi ukutani, na ng'ambo ya ukuta huo, upande wa nyumba aliokaa Ketill, wanawe walikuwa wanakula supu. Alisikia vijiko vyao. Akarudi. Alimchukia kaka yake, akalichukia jiwe, akamchukia mama kwa kutosema, na kadiri alivyochukia ndivyo sakafu ilivyozidi kupoa. Salvör alijifungua peke yake, kisha akapiga simu, akalia tu.

Barafu ilipoyeyuka barabarani, Salvör alikuja na mtoto. Alikuwa wa kike, na kwa desturi alipewa jina la marehemu, Guðfinna. Bergljót alihitaji kwenda msalani, safari aliyozoea kuikimbia roho mkononi. Salvör akamlaza mtoto kitini, akaenda kumchemshia mama yake kahawa. Kule msalani Bergljót alitega sikio, akingoja mlio wa sakafu kupasuka. Haukuja.

Aliporudi, Ketill alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, kiganja kiko sakafuni. Mtoto alimtazama. Sakafu ilikuwa baridi kuliko ilivyowahi kuwa.

“Unaona, Bergljót wangu?” alisema kwa upole. “Nilikwambia yatajipa.”

Bergljót akamnyakua mtoto, akamkabidhi Salvör, akamwambia achukue basi la jioni hiyohiyo na asije tena mpaka aitwe. Kisha akaketi, akayavuta masweta mapajani.

Ketill hakubishana. Alimaliza kahawa yake, akatoka kwenda bandani, na baada ya muda msumeno ukaanza kusikika. Alikuwa fundi mzuri, na kiti kidogo hakina kazi kubwa.