Mama Mkwe Mgongoni

Ungemuuliza mtu yeyote wa Kalundu, bandarini kando ya ziwa, ni nani anayejua kumheshimu mama mkwe wake, angekuonyesha Gaspard, fundi wa moteri za boti. Na kama Gaspard mwenyewe angekuwa karibu, angeinamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku masikio yamesimama ili asikie sifa hizo hadi mwisho.

Tusimwonee, alikuwa mtu mwema. Alikuwa kiongozi wa shirika la Wakatoliki wa mtaa wao, mume wa mke mmoja, mikono myeusi kwa oili siku sita na shati jeupe kila Jumapili. Na tangu mama wa mke wake aje kukaa nao, mwezi wa pili, hakukosa adabu hata siku moja. Mama huyo aliitwa Bernardine. Alitoka Nyakabere, kule kwenye uwanda wa Ruzizi, alikolima mpunga maisha yake yote mpaka miguu ikakataa. Mumewe alikwisha kufa, mwanawe wa kiume anatafuta maisha Kalemie, ndipo binti yake Aline, mke wa Gaspard, akaenda kumchukua.

Sasa, kwa desturi za watu wale, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawagusani, hawaitani majina. Zamani ilikuwa rahisi: mama mkwe yuko kwake mbali, mkwe anakuja mara moja kwa mwaka na kitoweo mkononi, anasalimia akiwa amegeukia ukuta, anaondoka. Lakini nyumba ya Gaspard ilikuwa na vyumba viwili na saloni, na mlango wa nje mmoja tu. Mama Bernardine alipewa chumba cha ndani, nyuma ya rido, pazia la maua. Ili aende jikoni au chooni, sharti apite saloni. Na Gaspard akiwa saloni, mama hapiti, hata nyumba iwake moto.

Mazungumzo yote yalipita kwa Aline, yeye ndiye simu ya nyumba.

"Aline, mwambie Mama nimeuliza kama amelala vizuri."

"Mama, Gaspard anauliza kama umelala vizuri."

"Mwambie nimelala vizuri, Mungu ashukuriwe. Na yeye?"

"Gaspard, Mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie hata minye nimelala vizuri."

Na walikuwa hatua tatu tu, rido katikati! Mwanzoni Aline alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Baadaye akaacha kucheka, kwa maana mama yake alikuwa anaisha. Shingo ilikonda, midomo ikakauka, na wiki mbili kabla ya Pasaka akaanguka jikoni akiwa ameshika mwiko.

Aline alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimvuta ngozi ya mkono, akaiona imebaki imesimama, haishuki.

"Mama huyu hanywi maji," alisema. "Na chakula anaonja tu. Akiendelea hivi figo zitamchoka, na hapo msije kunililia mimi."

Jioni hiyo Aline alimngoja Gaspard nje, karibu na pipa la maji ya mvua. Hakumsalimia.

"Unajua kwa nini mama yangu hanywi maji? Akikunywa, atataka kutoka. Akitoka, atapita mbele yako, na hajui utarudi saa ngapi. Basi anakaa na kiu toka asubuhi."

"Lakini minye namheshimu sana!"

"Ndiyo hiyo heshima inamuua. Na amekwisha kufunga mzigo wake. Anasema Jumatatu ya Pasaka anarudi Nyakabere, amechoka kumsumbua mkwe. Kule iko nani wa kumchotea maji, Gaspard? Minye nina mama mmoja tu."

Akalia, na Gaspard akasimama pale na kisanduku chake cha spana, hajui aweke wapi mikono. Alimpenda mke wake, jamani. Kumwona analia kulimuuma kuliko kidole kilichobanwa na moteri.

Aliomba usiku huo kwa dhati, akaamka na dawa. Na dawa yenyewe, nisikilize vizuri, ilikuwa kuongeza heshima! Alisema moyoni: nikiwa nyumbani, mama hali wala hanywi, basi nisiwe nyumbani. Tangu siku hiyo akimaliza kazi alikaa bandarini kati ya magunia ya mihogo, tumbo linamnguruma, akihesabu muda wa mama kula akashiba. Alirudi kiza kimekwisha ingia, anakula bugali uliopashwa moto mara ya pili, analala. Hata Jumamosi kwenye sala ya shirika alifundisha juu ya upendo, akaeleza kwamba kupenda ni kujinyima kwa ajili ya mwenzako. Watu wakaitika amina. Alijisikia mtakatifu kidogo.

Lakini mama alizidi kukonda, na mzigo wake ulikaa pale mguuni mwa kitanda, umefungwa kwa kitenge cha kijani.

Ikafika Alhamisi Kuu. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda vibaya, limeingia kwenye avenyu zote za chini, na toka nyumba ya Gaspard hadi barabara ya kupanda kanisani palikuwa na maji ya kufika mapajani. Misa ilikuwa saa kumi alasiri. Aline alikwisha tangulia na kwaya. Mama Bernardine angekuja polepole na jirani yao Agathe, mama mnene mwenye huruma nyingi na mbio kidogo.

Gaspard alikuwa na sababu ya kuwahi. Yeye alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili ambao padri huwaosha miguu siku hiyo, mwaka wa tatu mfululizo. Na alijiandaa kama kawaida yake: alisugua miguu kwa sabuni na jiwe, akakata kucha, akapaka mafuta mpaka visigino vikang'aa, akanunua soksi mpya. Alivuka maji amekunja suruali, viatu na soksi ameinua juu. Alipofika ng'ambo akasikia nyuma yake sauti ya mama mkwe, basi akageukia ukuta, kama adabu inavyotaka, akangoja miguu ikauke.

Kwenye maji kulikuwa na wapagazi wa bandarini waliokuwa wanavusha watu. Mmoja, Claude, mtu wa mabega mapana, alimfuata mama.

"Panda, mama. Uku maji iko mingi. Minye nabeba magunia ya mihogo, sembuse weye?"

"Minye siko gunia," alijibu Mama Bernardine. "Na sipandi mgongo wa mtu nisiyemjua. Nimefika Misa ya Alhamisi Kuu kwa miguu yangu tangu nikiwa msichana."

Akashika fimbo yake, akaingia majini. Agathe alimfuata akishikilia ukuta, akitaja watakatifu wote aliowakumbuka.

Gaspard, amegeukia ukuta, alisikia fimbo ikipiga mawe chini ya maji. Tak. Tak. Kisha hakusikia kitu. Kisha Agathe akapiga kelele: "Mama anaanguka! Anaanguka, jamani!"

Akageuka. Akamwona mama amepiga magoti katikati ya maji, maji yamemfika kifuani, fimbo inaelea inakwenda zake. Na mama alikuwa anamtazama yeye. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Gaspard kuyaona macho yake. Yalikuwa macho ya Aline, yaleyale, na yalikuwa na hofu.

Viatu vilimtoka mkononi. Soksi mpya zikaanguka majini, wala hakuziangalia. Alikimbia, maji yakiruka kila upande, na alipofika mbele yake akasimama ghafla na mikono imeinuka hewani, haijui ishike wapi. Nikimgusa, nimemvunjia heshima mbele ya watu wote. Nisipomgusa... Hapo wazo likakatika lenyewe. Akampa mgongo, akachuchumaa mpaka maji yakamfika kidevuni.

"Mama, panda. Hutaniona uso, na minye sitauona wako."

Watu wa pande zote mbili walisogea kutazama. Hata Claude aliacha kuvusha watu. Kisha mikono miwili yenye baridi ikamzunguka Gaspard shingoni, akainuka na mama mkwe mgongoni.

"Yezu na Maria!" alisema Agathe. "Leo tumeona."

Gaspard alizoea kubeba moteri begani toka ufukweni hadi mahali pake pa kazi, akinung'unika njia nzima. Mama huyu alikuwa mwepesi kuliko moteri. Mtu mzima, aliyelima mpunga miaka arobaini, aliyemzaa Aline na kumlea, amebaki mifupa ndani ya kitenge kilicholowa. Ni minye nimemmaliza, alisema moyoni. Siyo kwa ubaya, kwa adabu. Machozi yakamtoka wazi wazi, na mikono yote miwili imeshika miguu ya mama, hana ya kujipangusia.

Ndipo akasikia sauti sikioni, bila Aline katikati.

"Gaspard."

Hajawahi kumtaja jina. Gaspard karibu ajikwae.

"Ndiyo, Mama."

"Mbona unatetemeka? Haujala?"

"Nimekula kidogo, Mama."

"Kidogo! Weye unarudi kiza kila siku. Minye nitakulaje, na mwenye nyumba hajaweka tonge mdomoni? Nakaa nangoja. Ukifika umechoka, naona aibu kumsumbua Aline apashe moto tena, basi nalala."

Gaspard alisimama katikati ya maji.

"Mama, nilikuwa nachelewa kusudi weye ule."

Akapiga hatua mbili, tatu. Mama akaanza kutikisika mgongoni mwake, na Gaspard akafikiri analia, akataka kumwomba radhi, kumbe anacheka. Alicheka kicheko kikubwa cha wanawake wa mashambani, ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia.

"Yezu wangu! Kumbe tulikuwa tunashindana kufa njaa! Na nani alikuwa anashinda?"

"Weye, Mama. Mbali sana."

"Basi ushindi huo sitaki tena. Simama vizuri, usiniangushe." Akavuta ncha ya kilemba chake, akampangusa uso kutoka nyuma kwa kupapasa, akamziba na pua. "Usilie. Watu watasema nimekulemea."

Alimfikisha hadi kwenye ngazi za kanisa, ingawa ng'ambo palikuwa pakavu na mama angeweza kujikokota. Hakuna aliyemwomba kumshusha, basi hakumshusha.

Padri alipofika na beseni mbele ya Gaspard, alishtuka kidogo. Miaka mingine alikuwa ananyunyizia maji juu ya miguu iliyokwisha oshwa na kupakwa mafuta. Leo palikuwa na matope ya Kalundu hadi magotini, jani limenasa kati ya vidole, na damu kidogo pale alipokanyaga jiwe. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na kitu cha kuosha. Gaspard aliona aibu, akataka kuvuta mguu nyuma, na hapo akamkumbuka Petro, aliyemkatalia Bwana asimwoshe miguu. Siku zote alikuwa akimhesabu Petro kuwa mbishi. Kumbe hata Petro alikuwa na adabu zake tu! Alimheshimu Bwana sana mpaka hataki amguse. Na Bwana hakuikubali heshima ile, aliinama akaosha. Gaspard aliuacha mguu wake mikononi mwa padri, akalia mara ya pili siku hiyo, na mke wake alimwona toka kwenye kwaya akakosa kuingia kwenye ubeti.

Waliporudi, maji yalikuwa palepale. Gaspard alichuchumaa bila kuambiwa, na mama akapanda bila kubembelezwa.

Nyumbani mama alilazimika kufungua ule mzigo wa kitenge cha kijani, maana nguo kavu zote zilikuwa humo. Aline alisimama mlangoni akitazama nguo zikitolewa mojamoja na kutandazwa kitandani. Hakuthubutu kuuliza kuhusu Jumatatu. Akaenda kuandaa chakula: bugali, sombe ya majani ya mihogo, na ndagaa wa kukaanga.

Gaspard alibaki saloni. Kwa mazoea yake angetoka nje. Badala yake alichukua viti viwili, akaviweka katikati ya saloni, migongo yake imegusana, kimoja kinatazama mlango na kingine kinatazama rido. Akaketi kwenye kile cha mlangoni. Akangoja kama mtu anayesubiri jibu la posa.

Rido ikasogea. Miguu ikaburuzika sakafuni, ikasimama. Kisha kiti cha nyuma yake kikalia, na akasikia mgongo mdogo ukiegemea.

Aline aliingia na sahani, akawaona, akazishika sahani kifuani. Aliwapa kila mmoja yake, na jagi la maji akaliweka karibu na Gaspard.

Walikula. Alisikia mama akitafuna ndagaa, polepole, kisha si polepole tena.

"Aline," mama akaanza, "mwambie bwana yako..." Akakohoa kidogo. "Gaspard. Nipe maji."

Gaspard alijaza kopo mpaka ukingoni, akalipitisha juu ya bega bila kugeuka. Vidole vya mama vikagusa vyake, vikalichukua. Akasikiliza. Mama alikunywa funda la kwanza, la pili, akaendelea bila kupumzika hadi kopo likawa tupu. Kisha kopo likarudi juu ya bega lake, likamgonga sikio.

"Ongeza," alisema Mama Bernardine.