Mabano Matupu

Mwaka 1998 nilikuwa mtu wa maringo, na maringo yangu yalikuwa Kiswahili. Nilikulia Tabora kabla familia yetu haijarudi Gisenyi, na kila aliyechanganya l na r mbele yangu nilimsahihisha, aombe asiombe, hata watu wakaniita Mwalimu.

Nilifanya kazi katika ofisi iliyotafuta wazazi wa watoto waliopotea njiani wakimbizi walipokuwa wakirudi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka. Kompyuta ilikuwa moja. Mkuu wetu alikataza kuingiza programu yoyote mpya, lakini Netscape, ya kufungulia kurasa za intaneti, ilikuwemo, nami nilikuwa na disketi yenye ukurasa wa intaneti uliobeba ndani yake Lisp, lugha ya kuiamuru kompyuta. Ukiandika fomula kwenye mabano na kubonyeza, jibu linatoka papo hapo. Nikanakili humo orodha ya watoto iliyoandikwa kule Goma, majina elfu mbili na ushei. Fomula moja ilitosha kuyachuja.

Verediane alikuja kwa mara ya tatu, kwa miguu kutoka Rubona. Mwanawe alikuwa na miaka minne walipopotezana, na sasa mwaka wa pili ulikuwa unakwisha.

"Mwarimu Karenzi, angalia tena. Mutoto yangu, Lugwilo."

"Rugwiro, mama. Kwa r."

"Njo ile. Angalia."

Nikaandika Rugwiro, nikabonyeza. Likatoka jibu la siku zote: mabano mawili, katikati hakuna kitu. Lisp ikikosa unachotafuta, haina maneno zaidi ya hayo.

"Inasema nini?"

"Hayumo."

Hakulia. Alikaza kitambaa chake kichwani, akainuka. "Bon. Mi narudi Lubona. Leo njo mwisho, sitakusumbua tena."

Lubona! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimsahihishe. Ndipo nikajiuliza ni nani aliyeandika jina la mtoto wa miaka minne kule Goma. Mwandishi aliandika alichosikia, na mtoto alitamka alivyofundishwa na mama yake.

"Subiri, mama. Tafadhali."

Nikarudi kwenye kompyuta haraka. Mara mbili nilisahau kufunga mabano, na mara mbili mashine ikagoma. Fomula yenyewe ilikuwa fupi: katika kila jina geuza l iwe r, kisha ndipo ulinganishe. Nikabonyeza.

Safari hii mabano yalikuwa na kitu ndani: (Lugwilo 4 Lubona mama Velediana).

Alikuwemo tangu siku ya kwanza. Ujuaji wangu ndio uliomficha, na niliona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

"Inasema nini?" Verediane aliuliza tena, mkono ukiwa mlangoni.

Nikamsomea vile vile ilivyoandikwa, l zote, bila kusahihisha hata moja.